Mwenye Boma, 2024

"Mwenye Boma ni nani?" Dkt. Laban aliuliza.

Kanini alikuwa amesimama mbele ya meza yake kwa sababu kiti cha wageni kilijaa karatasi. Nyuma yake, kwenye benchi la mlangoni, wanafunzi wawili walikuwa wakingoja zamu yao. Pembeni, mhadhiri mwingine alikuwa akila njugu, akizitoa mfukoni moja moja.

"Ukurasa wa nane, Mwenye Boma, elfu mbili ishirini na nne. Wa tisa, Mwenye Boma. Wa kumi na mbili, yuko tena." Dkt. Laban alifungua kurasa kwa ncha ya kalamu nyekundu kana kwamba zilikuwa na uchafu. "Nimehesabu mara thelathini na moja. Boma gani hili, madam? La ng'ombe?"

Wale wa benchi walicheka.

"Ni mzee, Daktari. Ni baba ya bwana yangu."

"Hana jina?"

"Yuko nalo."

"Basi lilete."

Kanini aliangalia vidole vyake. Alikuwa ametoka kufundisha moja kwa moja na chaki ilikuwa bado imekwama chini ya kucha. "Siwezi kumtaja, Daktari. Ni nthoni. Kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe."

"Nani amekwambia utaje? Nimesema uandike."

"Hata kuandika."

"Mtaje kwa kifupi," yule wa njugu alisema. "Boma, M."

Benchi lilicheka tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu sasa wahadhiri wawili walikuwa wameruhusu.

Kazi yenyewe, ya kumalizia digrii, ilikuwa juu ya dalili za mvua. Kwa misimu miwili mzee alikuwa akimtumia Kanini ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kila alipoona jambo: mgunga wa kando ya mto umetoa maua, sisimizi wanahamisha mayai kupanda ukutani, upepo wa asubuhi umelala. Kila ujumbe ulikuja na tarehe yake. Tarehe mbili Machi alisema siku kumi na nne hazitaisha kabla ya mvua. Tarehe kumi na tatu mvua ikanyesha Kola. Hakuna mwanafunzi mwingine wa mwaka ule aliyeleta kitu kama hicho, na Dkt. Laban alilijua hilo. Lakini mwezi uliopita aliitwa na mkuu wa idara akaonyeshwa kazi tatu alizozipitisha, zenye marejeleo ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyapata popote. Hakutaka kuitwa tena.

"Sikia, madam. Kitabu kiko maktaba. Gazeti liko na tarehe. Meseji ya WhatsApp iko ndani ya simu yako peke yako. Mimi siwezi kuifungua, na atakayesoma baada yangu hawezi. Kitu pekee kinachoipa uzito ni mtu aliyeisema na siku aliyoisema. Siku umeweka. Mtu umemficha. Maneno yasiyo na mwenyewe yanaitwaje?"

Kanini alikwangua chaki kwenye kucha.

"Yanaitwa uvumi. Nataka jina lake kamili kila mahali, na hii fomu ya idhini ijazwe, jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Ijumaa saa sita orodha ya mahafali inafungwa. Ikikupita, tuonane mwaka ujao."

Ilikuwa Jumanne. Mwaka uliopita Kanini alikosa orodha kwa ajili ya karo, na mwaka uliotangulia kwa ajili ya kujifungua. Shuleni kwake nafasi ya naibu ilikuwa wazi tangu Januari, na mwalimu mkuu alikuwa amechoka kuishikilia mpaka apate digrii. Alikunja fomu mara nne akaitia kwenye mkoba. Alipopita mbele ya benchi, mmoja alimsalimia kwa upole mwingi, "Kwaheri, Mama Boma."

*

"Ni jina tu," Titus alisema jioni hiyo, akivua viatu vya kazi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati huko Athi River na alirudi nyumbani Kola akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Si matusi. Si dawa. Ni jina la baba yangu, liko kwa kitambulisho yangu. Lete hiyo kompyuta niandike mimi."

"Na wakiniuliza mbele ya paneli, ni nani alisema hivi, utakuja kujibu wewe?"

"Unajibu tu. Siku hizi nani anafuata hayo mambo? Mke wa Kasyoki anamwita mkwe wake jina la kwanza, tena akimwitisha chumvi."

"Mimi si mke wa Kasyoki."

Ni kweli hakuwa. Kwa miaka kumi na mmoja Kanini alikuwa amelizunguka jina lile kama shimo katikati ya njia. Mwanawe wa kwanza alipewa jina hilo hilo la babu yake, na yeye humwita Lenny tu, jina la ubatizo. Kliniki alimpa nesi kitambulisho cha Titus ili anakili mwenyewe. Darasani kwake kulikuwa na mtoto mwenye jina hilo, naye akawa akimwita "wewe wa dirishani," na hata baada ya mtoto kuhamishiwa mstari wa mbele aliendelea kuwa wa dirishani.

Mukai, mamake Titus, ambaye wote nyumbani walimwita mwaitu, yaani mama, alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua uso. "Kabla ya nthoni kuondolewa kuna mbuzi," alisema. "Kuna mbuzi, na wazee, na maneno. Haiondolewi na kalamu ya mtu wa chuo."

"Mbuzi leo ni elfu kumi na moja, mwaitu," Titus alisema.

"Basi nyamaza."

"Kwa hivyo mke wangu akose digrii kwa sababu ya bei ya mbuzi?"

"Nani amesema akose? Nimesema sisi tunajua kuheshimiana. Mimi jina la baba mkwe wangu sijalitaja, na ameoza."

"Nyinyi wawili mnaongea kama vile sipo," Kanini alisema. Sauti yake ilipanda, na Mukai akainua uso, kwa maana hakuwa ameizoea sauti hiyo. "Wewe unaniambia niandike tu, kama vile heshima ni ujinga wangu. Mwaitu ananiambia kuna mbuzi. Na kule chuo wananicheka. Fomu inataka sahihi yake. Ni nani kati yenu anayeipeleka kwake?"

Titus alitazama viatu vyake. Alikuwa hodari wa kusema jina la babake, lakini kumwendea na karatasi ya kutia sahihi, baada ya ugomvi wao wa juzi juu ya kuuza kipande cha shamba, hakuwa na hamu nayo. "Si mnaongeanga na yeye kwa simu," alisema. "Mtumie voisi."

*

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza, Kanini na mkwe wake. Nyumba ya mzee ilikuwa hatua kumi kutoka jikoni, na uani hawakuwa na maneno zaidi ya salamu, kila mmoja akiangalia pembeni. Lakini kwenye simu mzee alifunguka. Alikuwa akikaa upande wa pili wa ukuta wa jiko, kwenye kiti chake cha mbao, akieleza habari za mawingu dakika saba mfululizo, na Kanini akisikia sauti yake mara mbili, mara ya kwanza ikipenya matundu ya ukuta, mara ya pili kwenye simu. Katika simu hiyo alimhifadhi kwa jina la Mwenye Boma. Alipoanza kuandika kazi yake, jina hilo ndilo lililokuwa juu ya kila ujumbe, akalinakili kama lilivyo.

Jumatano alfajiri alisimama kando ya jiko la makaa akabonyeza kitufe cha kurekodi. Alifuta mara nne. Ya tano aliituma.

"Baba, shikamoo. Chuoni wanasema yale maneno ya mvua lazima yawe na jina lako lote. Mimi sijaandika, na siwezi kuandika bila wewe kujua. Kuna fomu pia. Nimeiweka kwa mwaitu. Kama ni vibaya niambie, nitaacha."

Alama mbili zikageuka buluu. Upande wa pili wa ukuta alisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikisema "shikamoo." Ikaisha. Ikaanza tena. Halafu mara ya tatu. Halafu kiti kikalia, mlango ukafungwa, na mzee akaondoka kwenda shambani bila chai.

Siku nzima simu ilikaa kimya. Darasani Kanini aliitazama kila alipogeuka kutoka ubaoni. Saa nane aliona mzee yuko hewani, akaona ameanza kurekodi, akaona ameacha. Jioni mzee alipita uani na jembe begani, akaangalia pembeni kama kawaida, ila Kanini aliona kwamba safari hii aliangalia mbali zaidi.

"Umemkasirisha," Mukai alisema.

"Na wewe ulimpa fomu?"

"Niliiweka mezani. Aliigeuza juu chini."

Kanini alikwenda nyuma ya choo akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimkasirikia Dkt. Laban, akamkasirikia Titus, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kuchagua mvua wakati wenzake wamechagua utoro wa wanafunzi na kunakili vitabuni.

*

Jibu lilifika Alhamisi akiwasha moto wa uji. Lilikuwa la dakika nne. Alilifungua palepale, na Mukai, aliyekuwa akikoroga, akasikia yote.

"Mama Lenny, nimesikia. Sikukasirika. Jina langu andika, mimi si mwizi wa kujificha. Ile karatasi nimeweka sahihi. Lakini umeniletea shida nyingine, sikulala. Huyo mwalimu wako anauliza ni nani alisema. Sasa, mimi sikusema. Mimi nilisikia."

Jogoo wa nyumbani aliwika, na jogoo yule yule akawika ndani ya simu.

"Ile ya mgunga, ile ya sisimizi, ile ya upepo kulala, zote ni za mama yake mwenye nyumba yangu. Nikiwa kijana nilikuwa naenda kulima kwao, Katelembo. Unajua mtu na mama mkwe. Nikikutana naye njiani natoka, naingia kwa nyasi mpaka apite. Hatukuangaliana uso maisha yetu yote. Lakini jioni nikipumzika kando ya ghala, alikuwa anakuja upande wa pili anaongea na mbuzi wake. 'Mbuzi wangu, msiende mbali, mgunga umetoa maua, siku kumi na nne hazitaisha.' Anasema kwa sauti. Mbuzi watafanya nini na hiyo habari? Alikuwa anajua nimekaa hapo. Alinifundisha hivyo miaka sita. Na mimi watu wa Kola wananiita mjuzi wa mvua, nanyamaza, kwa sababu nikiulizwa ni nani alinifundisha, siwezi kumtaja. Sasa wewe unaweza. Kwako ni bibi tu. Andika jina lake. Uliza mwaitu."

Mwiko ulikuwa umesimama ndani ya uji.

"Tulikuwa tunamcheka," Mukai alisema. "Mimi na dada zangu. Tulisema mama ameanza kuharibika kichwa, anaongea na mbuzi." Uji ukaanza kushika chini, wala hakuukoroga. "Na huyu amekaa na hiyo neno miaka yote hiyo, ndani ya nyumba yangu."

"Jina lake, mwaitu."

"Ndila. Ndila Nzioka." Alilitaja kama anayekabidhi kitu chenye moto. "Alikufa tisini na tatu. Uandike vizuri."

*

Firdaus, msichana wa saiba, duka la kompyuta lililo karibu na msikiti mjini, alipokea kitambulisho cha Titus akakigeuza kwenye mwanga.

"Jina la baba ndiyo haya mawili ya mwisho?" Alilisoma kwa sauti. Kanini aliangalia sakafu. "Hili, mwalimu?"

"Hilo."

"Kwani huwezi kusema?"

"Mimi siwezi."

Firdaus alitafakari. "Sisi mkwe tunamwita baba tu. Lakini nikimtumia pesa jina lake linatokea lote, nifanyeje?" Akavuta kibodi. "Usijali, huna haja ya kuandika. Nabadilisha yote mara moja. Unaweza kufumba macho."

Kanini alifumba kweli. Kitufe kikabonyezwa.

"Tayari. Thelathini na moja."

Alipofumbua, Mwenye Boma hakuwepo tena mahali popote. Alihisi kama mtu aliyerudi akakuta mti wa uani umekatwa. Kisha akavuta kiti, akaomba ukurasa wa kumi na tisa, na jina la Ndila Nzioka akaliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, polepole.

*

Ijumaa saa tano, Dkt. Laban alipitia kurasa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Jina, mawasiliano ya WhatsApp, siku, mwezi, mwaka. Fomu ilikuwa na sahihi ya mkono mzito. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi ya kupitisha alipofika ukurasa wa kumi na tisa.

"Huyu Ndila ni nani?"

"Ndiye aliyemfundisha mzee. Mzee mwenyewe ameomba aandikwe."

"Amekutumia meseji?"

"Alikufa tisini na tatu, Daktari."

"Kuna barua? Kanda? Tarehe?"

"Alikuwa anasema na mbuzi, mzee anasikia."

Yule wa njugu alikohoa kwa kicheko. "Basi tuhoji mbuzi."

"Toa," Dkt. Laban alisema. "Hii itaniletea maneno. Toa huo mstari niweke sahihi sasa hivi, uende mahafali yako."

Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika ishirini. Kanini alijua angeweza kuutoa. Ulikuwa mstari mmoja. Ndila asingelalamika, kama alivyokuwa hajalalamika kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Nitatoa, Daktari," alisema. "Lakini niandikie hapo kando kwa mkono wako, kwamba wewe ndiye umesema jina litoke. Uweke jina lako na tarehe ya leo."

"Ya nini?"

"Nikifika nyumbani nitaulizwa ni nani alisema. Nikijibu tu kwamba chuoni wamesema, nitakuwa nimepeleka uvumi."

Mwenye njugu aliacha kutafuna. Dkt. Laban aliushika ukurasa, na kwa kitambo alionekana kama anayetafuta mahali pa kuandika. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na nafasi ya kutosha. Aliwaza mkuu wa idara akisoma pale kwamba yeye Laban, kwa wino mwekundu, ameamuru chanzo kifutwe. Akaiweka kalamu chini.

"Weka tanbihi," alisema hatimaye. "Chini kabisa ya ukurasa, mstari mmoja, herufi ndogo. Iwe mzee ndiye anayesema alisikia kwake. Na ukurasa uprintiwe upya kabla ya saa sita."

Kanini alikimbia mpaka saiba na kurudi, viatu mkononi. Saa sita kasoro dakika tano sahihi iliwekwa. Kwenye sehemu ya marejeleo Dkt. Laban alimpa alama nne kwa kumi. "Chanzo kimoja hakithibitishiki," alieleza bila kumtazama, na akaita wa benchi aliyefuata.

*

Jioni Kanini alikaa kwenye kizingiti cha jiko na kazi yake mapajani. Kifurushi cha simu kilikuwa kimekwisha, hakuweza kutuma ujumbe. Upande wa pili wa ukuta kiti cha mzee kilikuwa kimelia mara moja, na tangu hapo mzee alikuwa kimya, kimya cha mtu anayengoja kusomewa.

Mukai alikuwa akimenya viazi. Kuku walikuwa wakichakura maganda.

Kanini alikohoa. "Kuku wangu," alisema kwa sauti, uso ukimwaka moto, "sikilizeni."

Mukai alimtazama, kisha akarudi kwenye viazi, akatabasamu kidogo.

Akasoma. Alisoma habari za mgunga na mto, polepole kama anavyowasomea watoto imla. "Maua yakitoka kabla ya majani, siku kumi na nne haziishi kabla ya mvua, kwa mujibu wa..."

Akasimama. Kidole kilikuwa juu ya jina. Kuku mmoja aliinua kichwa.

Nyuma ya ukuta mzee alisafisha koo. "Ndunda Kilonzo," alisema.

Kanini akaendelea. Sisimizi wakibeba mayai kwenda juu, kwa mujibu wa... "Ndunda Kilonzo." Upepo wa asubuhi ukilala siku tatu, kwa mujibu wa... "Ndunda." Alilitamka kila mara kama anayejibu akiitwa. Kila mara sauti yake ilizidi kunyooka.

Kisha wakafika ukurasa wa kumi na tisa. Kanini aliinamisha karatasi kwenye mwanga uliobaki, kwa maana herufi zilikuwa ndogo sana. "Msimulizi anaeleza kwamba maarifa haya yote aliyasikia kwanza kutoka kwa..."

Alingoja. Nyuma ya ukuta hapakutoka neno.

Basi akainua sauti, mpaka Lenny aliyekuwa akichezea langoni akageuka. "Ndila Nzioka," alisoma, "wa Katelembo."

Kisu cha Mukai kilisimama juu ya kiazi. Kiti cha mzee kikalia. Kupitia matundu ya ukuta Kanini alimwona amesimama, fimbo mkononi, kofia kaivua. Mzee alisogea hatua mbili, akatoka kwenye njia ya uani, akaingia kwenye nyasi, akasimama humo akiangalia pembeni.